Nilivyoipima upya mita ya kamera ya mjomba

Filamu ya kwanza niliyopiga kwa kamera ya mjomba ilikuwa ya nikahi ya mdogo wangu, Pangani, kwenye baraza la msikiti uliopakwa chokaa nyeupe. Picha 36. Niliisafisha mwenyewe usiku uleule, bafuni, na nilipoitoa kwenye tangi na kuinyanyua kwenye taa moyo ulinishuka. Ukuta wa msikiti ulikuwepo, mweusi kama inavyotakiwa kwenye negativu. Kanzu zilikuwepo. Pale palipotakiwa kuwa na nyuso palikuwa na plastiki tupu, inapitisha mwanga kama kioo cha dirisha.

Kwenye negativu mambo hugeuka: cheupe huwa cheusi, na cheusi huwa kitupu. Sehemu iliyopata mwanga kidogo mno haiachi alama yoyote, na kisichoacha alama hakirudishwi na mtaalamu wala na kompyuta. Picha inayoniuma mpaka leo ni ile ya wazee waliokuwa wameinua mikono kwa dua. Niliipiga kwa pembeni, nimesimama kwenye ngazi. Viganja vyao vinaonekana vizuri, mpaka mistari ya kiganja unaihesabu. Nyuma ya viganja hivyo nyuso hazipo.

Na sikupiga kwa kubahatisha. Kila picha niliufuata mshale wa mita, yaani kipimo cha mwanga kilichomo ndani ya kamera, nikahakikisha umekaa katikati ndipo nikabonyeza.

Kamera yenyewe ni Olympus OM-1. Ilitoka Japani mwaka 1972 ikiitwa M-1, kisha mwaka uliofuata ikabadilishwa jina baada ya Leitz ya Ujerumani, wenye kamera zao za M, kulalamika. Aliyeibuni ni Yoshihisa Maitani, na alichokitafuta ni wepesi: wakati ule kamera za aina hii zilikuwa nzito kama tofali. Ni kamera ya chuma na springi. Shata yake, lile pazia linalofunguka na kujifunga kuruhusu mwanga, inafanya kazi bila umeme wowote, kuanzia sekunde 1 mpaka 1/1000. Betri, moja tu na ndogo, inalisha mita peke yake. Ukichungulia, upande wa kushoto chini unaona mshale mdogo: ukipanda mwanga umezidi, ukishuka mwanga umepungua, ukikaa katikati piga.

Mjomba aliinunua mitumba kwa baharia mmoja pale bandarini Tanga, akafanyia kazi miaka mingi kwenye studio yake ya Ngamiani. Nilikuwa mtoto, nikishinda pale siku za Jumamosi, na kuna jambo alilifanya kila anapompiga mtu picha nje ya studio. Alimsogelea mteja, akanyoosha kiganja chake cha kushoto karibu na uso wa yule mtu, akakitazama kidogo kupitia kamera, akarudi nyuma, akapiga. Nilidhani anampima mtu urefu wa uso. Sikuwahi kuuliza.

Aliponipa kamera, macho yake yalikuwa yameshaingia mtoto wa jicho. Nilimuuliza habari za mita.

"Betri yake haipo tena duniani, mwanangu," akaniambia. "Iache tu."

Nikaona ni maneno ya mzee aliyechoka kutafuta. Nikaenda kwa muuza saa, nikamwonyesha tundu la betri, akanipa moja iliyoingia barabara. Nikaiweka, nikafungua swichi ya mita, mshale ukaamka na kucheza. Nikafurahi sana. Siku nne baadaye nikaenda Pangani.

Mjomba alikuwa anasema kweli tupu. OM-1, kama kamera nyingi za miaka ile, ilitengenezwa kwa ajili ya betri ya zebaki aina ya PX625. Betri ya zebaki ilibuniwa na Samuel Ruben, ikatumika sana kwenye vifaa vya jeshi la Marekani wakati wa Vita Kuu ya Pili, na sifa yake kubwa ni utulivu: inatoa volti 1.35, na inabaki palepale karibu mpaka siku inapokufa. Watengenezaji wa kamera wakaona hakuna haja ya kuweka sakiti ya kusawazisha umeme, maana betri yenyewe imeshajisawazisha. Kipimo chote cha mwanga kikajengwa juu ya ile 1.35.

Kisha betri hizo zikapigwa marufuku. Marekani ilipitisha sheria yake mwaka 1996, Ulaya nayo ikafuata, na baadaye ukaja Mkataba wa Minamata uliopitishwa mwaka 2013 na kuanza kutumika mwaka 2017. Minamata ni mji wa Japani ambako kiwanda kilimwaga zebaki baharini, watu wakala samaki, wakapooza, wakazaa watoto walemavu. Ugonjwa ule ulitambuliwa rasmi mwaka 1956. Sina kinyongo na marufuku hiyo. Sisi wenyewe tunao wachimbaji wadogo wa dhahabu wanaoishika zebaki kwa mikono mitupu, na ni nani anayetaka iongezeke kwenye madampo kwa sababu ya kamera?

Betri aliyonipa muuza saa ilikuwa ya alikali. Umbo lilelile, umeme tofauti. Nilipoipima kwa mita ya fundi umeme ilisoma volti 1.56. Maana yake mshale ulikuwa unasukumwa na nguvu ambayo haukuumbiwa, unapanda kupita mwanga uliopo, nami naona mwanga umezidi, nafunga tundu la lenzi au naongeza spidi, na filamu inapata mwanga pungufu. Na alikali ina ubaya wa pili: inashuka taratibu kadiri inavyotumika. Leo inakudanganya hivi, mwezi ujao itakudanganya vingine.

Nilimpelekea kamera fundi mmoja akaniambia hiyo ni kazi ndogo, atafungua kifuniko cha juu aibane mita mpaka isome sawa na betri ile. Nilikaribia kukubali. Kilichonizuia ni kwamba sikujua mita imekosea kiasi gani, na niliona vibaya kumwambia mtu arekebishe kosa ambalo mimi mwenyewe sijalipima. Nikaichukua kamera nikarudi nayo nyumbani.

Nikaanza na ukuta. Nyuma ya nyumba yetu kuna ukuta wa udongo usiopakwa rangi, si mweupe, si mweusi. Nikaazima kamera ya dijitali ya rafiki yangu, nikaziweka zote mbili kwenye ASA 400 (ASA ni kiwango cha wepesi wa filamu kuona mwanga), nikahakikisha zote zinaona sehemu ileile ya ukuta na hakuna mbingu wala kivuli kilichoingia. Hili la kuona sehemu ileile ni kubwa kuliko watu wanavyodhani. Nimeona watu wakilinganisha mita ya kamera na ya simu, simu inaona nusu ya mtaa kamera inaona mlango, halafu wanashangaa majibu hayafanani.

Saa tatu asubuhi, jua limeupiga ukuta sawasawa, dijitali ikasema f/16 kwa 1/500: ya kwanza ni tundu la lenzi, namba ikikua tundu linapungua, na ya pili ni spidi ya shata kwa sekunde. Kamera ya mjomba ikataka f/16 kwa 1/1000, na hata hapo mshale ulikuwa bado juu ya katikati. Kosa la kama stopu moja na nusu. Stopu, kwa asiyeizoea, ni kuongeza mwanga mara mbili au kuupunguza nusu. Kila namba ya spidi na kila namba ya tundu ni stopu moja. Nikaingia barazani, kivulini: dijitali f/8 kwa 1/250, yangu f/8 kwa 1/500. Stopu moja kamili. Ndani ya chumba, karibu na dirisha, tofauti ikashuka ikawa kama nusu stopu.

Nilikaa kwenye kigoda nikaziangalia zile namba tatu kwenye daftari. Kosa halikuwa moja. Lilikuwa linakua kadiri mwanga unavyokua. Kama yule fundi angeirekebisha isome sawa juani, ingekosea chumbani kwa upande wa pili, na ningeendelea kulaumu filamu. Kwa hiyo dawa haikuwa kugusa mita. Dawa ilikuwa kuirudishia umeme wake.

Kabla sijaendelea, kuna jambo nililigundua kwa bahati palepale ukutani, na limenisaidia kuliko mengi niliyosoma. Nilikuwa nimeligeuzia jua mgongo. Nikainua mkono kujikuna paji la uso, na mshale ukashuka. Nikashusha mkono, ukapanda. Nikarudia mara tano nisiamini. OM-1 ina macho mawili ya kupimia mwanga, ya kadimiamu salfaidi, na yamewekwa ndani, pande mbili za kioo cha kuchungulia. Jua likiingia kwa nyuma kati ya uso wako na kamera, macho yale yanalihesabu pia. Pangani nilikuwa nimevaa miwani, kamera haikunigusa uso vizuri, na jua la asubuhi lilikuwa nyuma yangu. Tangu siku ile naziba kwa kiganja ninapopima, kama mtu anayechungulia tundu la ufunguo. Macho hayo yana tabia nyingine: ukiyaelekeza kwenye mwanga mkali kisha ukaingia gizani, yanaukumbuka ule mwanga kwa muda. Ukitoka nje kwenda ndani, subiri mshale utulie ndipo uuamini.

Nilijaribu kwanza betri za vifaa vya kusaidia kusikia, namba 675, nilizonunua duka la dawa. Hizi ni za zinki na hewa, zinatoa kama volti 1.4, karibu kabisa na zebaki. Ni nyembamba kuliko PX625, kwa hiyo nilizungushia mpira wa bomba ili isicheze. Zina stika, ukiibandua, hewa inaingia kupitia vitundu vidogo, unasubiri dakika chache, betri inaamka. Matundu hayo usiyazibe. Nilirudi ukutani, na kamera mbili zikakubaliana juani, kivulini na chumbani, tofauti ndogo tu. Nusura nilie. Mita ya mjomba ilikuwa nzima miaka yote ile, inasubiri umeme wake.

Ila betri hizo ukishazifungua hazizimwi. Utumie usitumie, baada ya wiki kadhaa zimekwisha. Kwa mtu anayepiga kila siku si neno. Mimi napiga filamu moja kwa mwezi, nikikuta mshale umelala kila ninapoihitaji kamera.

Ndipo nikaenda kwa fundi simu mtaani kwetu, kijana mwenye mkono mtulivu kuliko fundi yeyote ninayemjua. Nilimweleza: nataka kutumia betri ya oksidi ya fedha, SR44, ambayo inatoa volti 1.55 na haishuki ovyo kama alikali, lakini nataka ile ziada ya volti 0.2 iliwe njiani. Akanijibu papo hapo, "Daiodi, kaka. Ile ya Schottky." Daiodi ya aina hiyo hula kiasi kidogo cha volti umeme unapopita, na kiasi chenyewe ndicho hichohicho tulichokitafuta.

Alifungua bamba la chini kwa bisibisi nyembamba kama sindano. Ndani, waya unaotoka kwenye chumba cha betri ulikuwa na kutu ya kijani nusu ya urefu wake. Aliukata, akabadilisha kipande, akaichomea daiodi ndogo kama punje ya mchele, akaifunika na mpira wa kuhami. Akaweka betri. Mshale haukuinuka. Akatabasamu, akaichomoa daiodi akaigeuza, maana ina upande wa kuingilia umeme na upande wa kutokea, akachomea tena. Mshale ukaamka. Alinitoza bei ya kubadilisha tundu la chaji.

Nikarudi ukutani kwa mara ya tatu. Kivulini, sawasawa. Juani, mita ilizidisha kwa kama theluthi ya stopu. Chumbani, karibu sawa. Si kamili: kiasi cha volti kinacholiwa na daiodi hubadilika umeme unapobadilika, na umeme wa mita hubadilika na mwanga. Lakini filamu nyeusi na nyeupe inasamehe theluthi ya stopu bila kusita. Hiyo theluthi niliimaliza kwa kisahani cha ASA: nikiweka filamu ya 400 naiweka 320. Kisahani kile ni chombo cha kurekebishia mita ambacho hakihitaji bisibisi, na mtu mwenye mita inayokosea kiasi kilekile kwenye kila mwanga anaweza kuishi nacho maisha yake yote.

Hapo ningesimama kama ningekuwa na haraka. Lakini mita ikisema 1/500, na shata ikatoa 1/300, kosa litaonekana kwenye filamu na lawama itaangukia mita. Nilitoa picha tano za filamu kwa jaribio hili: ukuta uleule, mwanga uleule, f/16 kwa 1/60, f/11 kwa 1/125, f/8 kwa 1/250, f/5.6 kwa 1/500, f/4 kwa 1/1000. Kila moja inaruhusu mwanga sawa na mwenzake, kwa hiyo negativu zote tano zinatakiwa ziwe na weusi mmoja. Nilipozipanga kwenye dirisha, nne zilikuwa mapacha. Ya 1/1000 ilikuwa nyeusi zaidi: shata inachelewa kufunga. Sasa naikwepa spidi hiyo.

Na usafishaji nao. Maji ya bomba ya Tanga yanatoka ya joto, nyuzi 28 au 29, na maelekezo ya dawa ya D-76 yanazungumzia nyuzi 20. Joto likizidi, filamu inaiva haraka na kuwa nyeusi kuliko ilivyopigwa. Ukisafisha leo kwa maji ya moto na kesho kwa maji ya baridi, hutajua kama kilichobadilika ni mita au bafu. Nilinunua kipimajoto na barafu za mfuko, nikawa naliweka tangi ndani ya beseni la maji ya barafu mpaka lifike 20, na filamu yangu, HP5, naiivisha dakika saba na nusu bila kubadilisha chochote. Kwa miezi mitatu sikubadilisha filamu wala dawa.

Baada ya yote hayo nikaenda kumpiga picha jirani yangu, mvuvi, amevaa kanzu nyeupe siku ya Ijumaa, amesimama mbele ya nyumba ya chokaa. Mita nzima, betri sahihi, jicho limezibwa, mshale katikati. Uso ukatoka giza.

Hapo ndipo nilipoanza kujifunza kweli.

Mita ya kamera haijui inatazama nini. Inachukua mwanga wote unaorudi kutoka kwenye kile inachokiona, inauchanganya, na kudhani mchanganyiko wake ni kijivu cha wastani. Majani mabichi, lami iliyozeeka, ukuta wangu wa udongo: hivi vinakaribia kijivu hicho, na mita inapatia. Ukiipa ukuta wa chokaa na kanzu, inaona weupe mwingi, inadhani jua limezidi, inakuambia ufunge. Weupe unageuzwa kijivu, na kila kilicho cheusi kuliko weupe ule kinasukumwa chini zaidi. Ngozi zetu, nyingi, tayari zipo stopu moja au zaidi chini ya kijivu cha wastani. Nikapiga hesabu ya Pangani: betri ilinila stopu moja, pengine na nusu, chokaa na kanzu zikala moja na nusu nyingine, ngozi yenyewe ipo chini kwa moja na nusu. Stopu nne au zaidi. Filamu huko chini haioni kitu. Jua la nyuma lililoingia kwa kuchungulia sijalihesabu hata.

Jambo hili linanigusa kwa sababu si la kamera yangu peke yake. Watu wetu wa pwani huvaa nyeupe siku zao kubwa zote: nikahi, Idi, maulidi, mazishi. Kuta zetu ni nyeupe. Mchanga wetu ni mweupe. Kwa hiyo mita ya wastani itatukosea hasa siku zile tunazotaka kukumbukwa. Nimefungua albamu za nyumba nyingi nikakuta kanzu zinang'aa na nyuso hazisomeki, na wenye nyumba wakasema picha za zamani ndivyo zilivyokuwa. Sikubali tena kusikia hivyo. Mtu yule alikuwa na uso, na mwanga ulikuwepo.

Dawa yake nilikuwa nimeiona nikiwa na miaka minane, kwenye studio ya Ngamiani. Kiganja. Ngozi ya mgongo wa mkono hutofautiana sana mtu na mtu, lakini viganja vya binadamu vinakaribiana, na kwa wastani kiganja ni cheupe kuliko kile kijivu kwa stopu moja hivi. Unakipeleka penye mwanga uleule unaompiga mtu usoni, kinajaza kioo chote, unausoma mshale, kisha unaongeza mwanga stopu moja. Kanzu isemavyo haikuhusu. Ukuta usemavyo haukuhusu. Mjomba alikuwa akipima kiganja chake mbele ya sura ya kila mteja, huku mimi nikidhani anapima urefu.

Niliporudi kwa yule mvuvi Ijumaa iliyofuata, mshale ulipotazama ukuta ulisema f/16 kwa 1/500. Kiganja changu, kikiwa pembeni ya shavu lake chini ya kivuli cha kofia, kikasema f/11 kwa 1/250, na nilipoongeza ile stopu moja nikafika f/8. Stopu tatu nzima za tofauti kati ya ukuta na mtu. Jua letu la saa sita huwa juu ya utosi, linalamba paji la uso na pua, linaacha macho shimoni. Kanuni ya f/16 ya jua kali, ile ya kuweka tundu f/16 juani, iliyokuwa ikichapishwa kwenye maboksi ya filamu, inamfikiria mtu aliyepigwa na jua kwa mbele. Kwenye negativu ya siku ile kanzu ilikuwa nzito, nyeusi sana, lakini mikunjo yake ilikuwepo. Na macho yalikuwepo. Kwenye jicho la kulia kulikuwa na alama ndogo ya mwanga wa mlango wa nyumba ya mkabala.

Mwaka uliofuata mdogo wangu alifanya akika ya mtoto wake wa kwanza, palepale Pangani, na wazee walewale wengi wao walikuwepo. Nilizunguka na kiganja kimenyooshwa mpaka mmoja akaniuliza namwombea nini. Walipoinua mikono kwa dua nilisimama kwenye ngazi ileile, jua nyuma yangu, mkono wa kushoto umeziba pembeni ya jicho.

Filamu hiyo niliipeleka Ngamiani kabla hata sijaichapa. Mjomba alikuwa ameshafanyiwa upasuaji jicho la kushoto.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Nipe niione."

Aliishika kwa kingo, kama anavyoshika siku zote, bila kugusa picha, akasogea dirishani. Akaivuta taratibu, kipande baada ya kipande. Alipofika kwenye ile ya dua alisimama muda mrefu. Alianza kuwataja wazee mmoja mmoja kwa majina, kushoto kwenda kulia, kwenye negativu, nyuso zikiwa zimegeuka. Hakukosea hata mmoja.

"Ulipima wapi?"

"Kiganjani."

Akaitikia kwa kichwa, akaendelea kuivuta filamu mpaka mwisho, kisha akarudi nyuma picha mbili. "Hii nzito. Ulitumia elfu moja?"

Nikamwambia ndiyo, nilisahau. Nikaanza kumweleza habari za shata inayochelewa na jaribio la ukutani.

"Inachelewa tangu siku niliyoinunua," akasema, akanirudishia filamu.